Uledi, Fundi wa Mivure

Mjini Rumonge, ufukweni mwa ziwa, katika mitaa ya Waswahili iliyo karibu na soko, kuna akina Uledi wawili. Ukimuulizia mmoja, nawe utaulizwa: wa mawese au wa mivure? Huyu ni wa mivure. Ni mtu mrefu, mkavu, mabega yamepanda juu kwa kazi ya tezo, na maneno yake ni machache.

Babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa fundi wa mitumbwi ya mti mzima, na baba yake akaishika kazi hiyohiyo. Zamu ya Uledi ilipofika, mitumbwi ya mbao na misumari ilikuwa imeshaifukuza ile ya zamani ziwani, akabaki na ufundi usio na mnunuzi. Waliomwokoa ni watu wa vilimani. Kule juu ndizi hufukiwa shimoni mpaka ziive, kisha hukamuliwa kwa majani makavu, na maji yake ndiyo yanayolala yakawa urwarwa, pombe ya ndizi. Kazi hiyo haifanyiki bila muvure, yaani hori refu la gogo moja lililochimbwa tumbo, lenye mdomo mwembamba upande mmoja wa kumiminia mitungini.

"Ni mtumbwi uleule," Uledi alikuwa akiwaambia wateja. "Ila ule maji iko nje, huu maji iko ndani."

Yeye mwenyewe ni Mwislamu na hajawahi kuionja pombe hiyo. Imamu alimsema mara moja, akamsema tena, kisha akachoka. Mkewe, Yasmini, alikuwa akisema kwamba ni heri mume anayechonga hori la walevi kuliko mume anayelala ndani yake.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja huko Minago aitwaye Joanita, mwenye kilabu kando ya barabara ya ziwani. Nyuma ya kilabu chake kulikuwa na ghala lililochimbwa ndani ya mteremko, unateremka kwa ngazi za udongo mpaka kwenye baridi. Mle ndani mitungi mikubwa ilikuwa imezikwa mchangani hadi shingoni, midomo imefunikwa kwa majani ya mgomba. Ukutani vilining'inia vibuyu vya shingo ndefu vya kuchotea, na kwenye kona mirija ya kunywea ilifungwa matita kama kuni. Joanita alitaka muvure mmoja mkubwa, wa kukamua mara moja ndizi za kujaza ghala zima.

"Mti wa namna hiyo nitautoa wapi, mama?" Uledi alimuuliza. "Mikubwa yote imekwisha."

"Tafuta, fundi. Mimi niko hapa."

Akatafuta. Aliyempa mti ni Barnaba, mkulima wa mlimani juu ya Gatete, ambaye baba yake alipewa kiwanja kile baada ya mauaji ya mwaka wa sabini na mbili, wenye ardhi walipokuwa wameuawa au wamekimbilia Tanzania. Katikati ya kiwanja ulisimama muvumu, mtini ule wa kale ambao mwenye boma huupanda siku anayoweka nyumba. Unene wake, watu watatu wakishikana mikono hawakuuzunguka.

"Kata, fundi. Ile muti iko yangu," Barnaba alisema. Tena aliutoa kwa bei ya kuni.

Bei ile ilimshangaza Uledi. Lakini alikuwa hajaona mti kama ule tangu baba yake afe, na mtu mwenye njaa hamuulizi mwenye chungu amepata wapi nyama. Akatia shoka. Muvumu ukatoa utomvu mweupe, mwingi kama maziwa, ukamrukia kifuani na usoni. Ulipoanguka ulivunja migomba ya Barnaba na ardhi ikatikisika. Mwanamke aliyekuwa akipita na mzigo wa mihogo alisimama akautazama mti uliolala, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akaenda zake bila kutoa salamu. Katika nchi ile mtu hapiti bila kusalimu. Uledi aliliona hilo, akainama, akaendelea kukata matawi.

Muvure mkubwa huchongwa palepale mti ulipoangukia, kwa maana gogo zima halibebeki. Kwa hiyo Uledi alipanda kila asubuhi kwa pikipiki hadi kwa Barnaba, akaingia ndani ya gogo, akasimama miguu imetanuka, akachimba tumbo kwa tezo. Shimo likazidi kushuka mpaka likamfika magotini.

Asubuhi moja walikuja wanaume watano. Mbele alikuwa Wenceslaus, mtu wa makamo, na nyuma yake mdogo wake Dismasi. Wote wawili walizaliwa kambini Tanzania na walikuwa na miaka michache tu tangu warudi. Kiswahili chao kilikuwa kimenyooka kama cha mwalimu, na kila mmoja alishika panga lililonolewa.

"Shikamoo, mzee," Wenceslaus alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba utoke kwenye huo mti."

"Niko kwa kazi. Muti niliuziwa."

"Mti huo aliupanda babu yetu siku aliyojenga hapa. Mwaka wa sabini na mbili walimuua chini yake, yeye na watoto wake wawili, wakawafukia shimo moja palepale. Baba yetu alitoroka akiwa mtoto. Kambini alikuwa anatuambia kila siku: mkirudi msiulize watu, watu watawadanganya, tafuteni muvumu. Wiki ijayo watu wa serikali wanakuja kupima ardhi. Sasa tuwaonyeshe nini?"

Ndipo Uledi alipoielewa ile bei ya kuni. Barnaba alikuwa anafuta alama. Alielekeza kidevu kwenye mlango wa Barnaba, akajibu, "Mwenye kuniuzia ni huyo."

Barnaba alikuwa ameshatoka, panga mkononi, mkewe Yudita akimvuta shati kwa nyuma.

"Nyie watu wa kambi, mulirudi kula nini hapa?" alipiga kelele. "Ile muti nimeshaangusha. Mufate vumbi yake muende nayo!"

Wenceslaus alitembea hatua za kawaida, kama mtu anayekwenda kuazima kitu kwa jirani, na panga lake likampata Barnaba begani, likakwama kwenye mfupa. Barnaba akarusha lake, likampasua Wenceslaus shavu. Wakashikana, wakaangukia kwenye mihogo. Wengine watatu wakawafuata humo, na kutoka pale majani yalipokuwa yakitikisika ikasikika sauti ya Barnaba ikimwita mkewe, halafu ikawa sauti isiyo na maneno, halafu ikakatika. Yudita alikimbia kuteremka mlima akipiga yowe.

Dismasi hakwenda kwenye mihogo. Alikwenda kwenye muvure.

"Toka!" alilia, machozi yanamtiririka. "Toka juu ya babu!"

Uledi alitaka kutoka. Alishika ukingo kwa mkono wa kushoto ajiinue, na panga la Dismasi likashuka juu ya ukingo huo.

Hakusikia maumivu. Aliona tu vidole viwili, cha mwisho na jirani yake, vimelala ndani ya muvure juu ya vipande vya mti, kama visamaki, ndagala wawili waliodondoka kutoka wavuni. Kisha damu ikaja, na pamoja na damu ikaja hasira ambayo Uledi hakuwahi kujua kwamba anaishi nayo. Alilizungusha tezo kwa mkono wa kuume. Lilimpata Dismasi gotini, mfupa ukalia kama tawi, na kijana akaanguka kifudifudi ndani ya muvure, juu ya miguu ya fundi.

Uledi alimpindua. Tezo lilikuwa limemponyoka. Alimkalia kifuani, akamtafuta shingo. Dismasi aliudaka mkono wa kuume kwa mikono yake yote miwili, akaung'ata. Basi Uledi akatumia wa kushoto, ule uliokatwa. Akabana. Damu yake mwenyewe ilikuwa ikimiminika kwenye koo la yule kijana, na kila alipobana mkono uliteleza, akabana tena. Muvure ulikuwa mwembamba, umewashika wote wawili kama jeneza. Dismasi alikuwa amemkazia macho, midomo inageuka rangi, na Uledi alisikia mtu anasema, "Kufa, kufa, kufa." Sauti ilikuwa yake.

Hapo ndipo watu wa mlima walipofika. Yowe la Yudita lilikuwa limewatoa mashambani na majembe yao. Wenceslaus na wenzake walikuwa wameshakimbilia kwenye michikichi. Watu waliuona mwili wa Barnaba, wakageuka kumtafuta wa kumlipizia, na aliyebaki alikuwa Dismasi tu.

"Fundi, ondoka! Tuachie huyo!"

Uledi hakuondoka. Mawe yakaanza kuja. Moja lilimpata mgongoni, jingine kisogoni, mpini wa jembe ukamvunja ubavu. Alimwangukia Dismasi, kifua juu ya kifua, uso juu ya uso, na mawe yaliyomlenga kijana yakamwishia yeye. "Ondoka, fundi!" waliendelea kupiga kelele, na wengine wakasema, "Hataki! Anamukinga!" Mkono wake ulikuwa bado uko chini kule, mahali wasipoweza kuuona, bado unatafuta shingo. Polisi walipanda kutoka barabara ya ziwani na kupiga risasi hewani. Walipowanasua, Uledi alikuwa amezirai. Wote wawili walipelekwa hospitali katika pikapu moja, wamelala ubavu kwa ubavu.

Habari ilishuka mlimani kabla jeraha halijakauka. Fundi Uledi, mtu aliyekatwa vidole, amemfunika adui yake kwa mwili wake asiuawe! Imamu aliitaja Ijumaa. Wakristo waliitaja Jumapili. Watu asiowafahamu waliingia uani kwake na kuku, na ndizi, na chupa za mawese. Wakampa jina: Mwenye Huruma.

Na huyo Mwenye Huruma nyumbani akawa mnyama. Yasmini alipokuja na maji ya moto kuosha kidonda, alilipiga beseni teke likagonga ukuta. Jogoo aliyewika karibu na dirisha alimnyonga kwa mkono wa kuume, tena polepole, akiangalia. Binti yake Sumaya, aliyeolewa Bujumbura, alikuja kumjulia hali na akaondoka kesho yake analia. Yasmini alikusanya shoka, tezo na visu vyote, akavipeleka kwa dada yake.

"Baba Sumaya," alimwambia, "mimi sikuogopi. Lakini nimeficha."

"Umefanya vizuri," Uledi alijibu.

Muvure ulikuwa bado uko mlimani. Ubavu ulipounga, Uledi alichukua tezo lake kwa shemeji yake na kwenda kwa Yudita, akiogopa kumtazama.

"Toa hiyo kitu hapa," mjane alimwambia. "Nikiiona naona mguu ya bwana yangu kwa mihogo. Toa."

Alijifunza upya kushika tezo, kidole gumba na viwili vilivyobaki vikiongoza mpini. Damu ilikuwa imeingia ndani ya mti, imekuwa nyeusi. Akaikwangua, na ilipogoma akachimba zaidi, mpaka tumbo la muvure likawa jeupe na kina kikazidi kile alichokubaliana na Joanita. Wanaume wa kilima waliubeba mpaka barabarani kwa nyimbo, lori likaupeleka Minago.

Huko ndiko alikovunjikia. Joanita alitaka muvure ukae ndani ya ghala lake, kwenye baridi, karibu na mitungi. Hamissi, mbebaji wa Joanita, mtu mnene mwenye kucheka ovyo, alishika mbele, na Uledi akashika nyuma, wakaanza kuteremka ngazi za udongo wakisaidiwa na wengine. Walipoutua chini Hamissi alijifuta jasho.

"Eh, Mwenye Huruma!" alisema kwa mapenzi kabisa. "Karibu kwa walevi!"

Uledi alichomoa kibuyu kizito ukutani, akampiga nacho mdomoni. Hamissi alienda chini chali juu ya mtungi, na mtungi ukapasuka. Uledi hakuishia hapo. Alimpiga teke la tumbo, akaupiga teke mtungi wa pili, akauvunja shingo wa tatu, na pombe ikafurika mchangani, ikawalowesha miguu, harufu yake kali ikajaa ghala. Wabebaji walikimbilia juu. Joanita peke yake ndiye aliyeteremka. Alimkamata shati kifuani, akamzaba kofi, akamzaba la pili.

"Hii mitungi mama yangu alitumia!" alifoka. "Hamissi amekukosea nini? Sema! Iko nini ndani yako, fundi?"

"Hakuna kitu, mama."

"Iko kitu."

Uledi alikaa kwenye ukingo wa muvure aliouchonga mwenyewe, akalia mbele ya mwanamke, na Hamissi yuko chini anatema damu.

Kesi ya mauaji ilikwenda mahakamani, na Wenceslaus na wale wenzake watatu wakafungwa kifungo kirefu. Dismasi aliachiwa baada ya muda, kwa kuwa walioona walishuhudia kwamba hakumgusa Barnaba, na kwa kuwa Uledi, alipoulizwa habari za vidole, alisema hakutaka kumshtaki mtu. Jambo hilo nalo likaongezwa kwenye huruma yake. Kiwanja kiligawanywa, upande kwa Yudita na upande kwa Beatrisi, mama yao Wenceslaus na Dismasi, na palipokuwa na shina la muvumu pakaachwa bila kulimwa.

Kisha wazee wa kilima wakasema: waliomwaga damu wamehukumiwa, lakini hawa wawili, fundi na kijana, lazima wakae mbele ya mtungi mmoja. Wakachagua uani kwa Joanita, mchana, siku isiyo ya soko.

Mtungi ulipandishwa kutoka ghalani na kuwekwa katikati, mirija ikachomekwa kuuzunguka. Joanita alivuta wa kwanza, kama ilivyo desturi ya mwenye pombe, watu waone kwamba haina sumu. Mzee mmoja akavuta wa pili, akasifu mtu anayemlalia adui yake ili mawe yamkose. Uledi alipewa Fanta. Beatrisi alipiga magoti mbele yake, akamshika ule mkono wenye vidole vitatu, akauweka kwenye paji la uso wake. "Murakoze," alimshukuru kwa lugha ya kwao, "murakoze cane." Uledi alitamani ardhi ipasuke.

Wazee walipokolea kwenye mirija na mazungumzo kupanda, Dismasi alikuja na magongo yake, akakaa kando ya Uledi kwenye gogo. Goti lake halikunyooka tena.

"Mzee," Dismasi alisema kwa sauti ya chini.

"Ee."

"Ni huo wa kushoto uliokuwa shingoni mwangu."

Uledi hakugeuza uso. Aliiweka chupa ya Fanta chini.

"Nilifikiri ulikuwa umezimia."

"Sikuzimia. Ulikuwa unaniua. Damu ndiyo iliyokuwa inateleza, nikawa napata pumzi kidogokidogo."

"Na kama ungeniachia vidole vyangu vyote?"

"Ningekufa, mzee. Nimelifikiria sana pale hospitalini. Panga langu mwenyewe ndilo lililoniokoa."

Wazee walicheka jambo fulani kwenye mtungi. Uledi alingoja kicheko kipite.

"Ulitaka mkono au ulitaka mti?"

"Nilitaka mti. Mkono niliuona panga likiwa limeshashuka." Akalisugua goti. "Ningeweza kulipindisha kidogo. Sikulipindisha."

"Basi."

"Basi."

"Mbona hukuwaambia hawa? Umewaacha wananiita majina."

"Mama anakuombea kila asubuhi kabla hajala," Dismasi alisema. "Nimwambie aache?"

Uledi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Shingoni mwa kijana hapakuwa na alama yoyote. Alijisikiliza kama ile hasira bado ipo, akaikuta, imelala, lakini ipo.

"Siku ingine nikikukuta peke yako shambani," alisema, "sijui."

"Hata mimi sijui," Dismasi alijibu.

Alijiinua kwa magongo, akaenda kuvuta mrija na wazee.

Uledi alibaki kidogo, kisha akasimama na kuzunguka nyuma ya kilabu. Hamissi alikuwa anasuuza mitungi kwa majivu, mdomo wake umepona kwa kovu lililomvuta upande. Alipomwona fundi aliacha kazi, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Nilikupiga bure," Uledi alisema. "Hukunikosea kitu. Nipige."

"Nini?"

"Nipige, Hamissi. Mimi siko mutu wa huruma. Nipige."

Hamissi alimtazama juu na chini kuona kama anataniwa. Alipoona siyo utani hakusita. Alijipangusa majivu mkononi, akavuta ngumi kutoka mbali, akamtandika ya mdomo. Uledi alianguka kwenye majani ya migomba. Jino moja lilitoka palepale, la pili alilitema alipoketi. Joanita alichungulia mlangoni, akaona, akarudi ndani.

"Umeridhika?" Uledi aliuliza, mdomo umejaa damu.

"Bado kidogo," Hamissi alisema, kisha akacheka, akampa mkono kumwinua. "Kama uko na nguvu, shika ile mutungi upande wa huko. Iko nzito, mimi peke yangu siwezi."

Uledi alishika. Waliuteremsha ghalani ngazi kwa ngazi, wakautua mchangani penye pengo la mmoja wa ile iliyovunjika, wakaufukia hadi shingoni. Jioni alifika Rumonge na mdomo umevimba, akamweleza Yasmini yote, tangu bei ya mti mpaka ngumi. Yasmini alisikiliza hadi mwisho, akapuliza makaa, akaweka maji jikoni ya kumkandia.

Mpaka leo anachonga mivure, ingawa muvumu hakati tena. Wale wa mjini bado wanamwita Mwenye Huruma mara moja moja, naye hupita bila kuitika. Minago hawamwiti hivyo. Huko anaitwa Fundi Mapengo, na akiitwa hivyo hugeuka.